Ukwaju Kwenye Kioo cha Baba

Baba yangu, mzee Suleiman Mfaume, alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na kwa ukali hakuwa na mfano. Ujanani aliletewa karakanani darubini kuukuu ya shaba akaze skrubu tu. Akaikaza, akairudisha, kisha akaja hapa kwetu Tandika akatengeneza ya kwake. Bomba la shaba, na ndani, mahali pa lenzi kubwa, kioo cha madini alichokiyeyusha mwenyewe na kukisugua kwa kiganja miezi minane. Mama alisema alisugua hata wageni wakiwepo.

Mwaka jana akapooza mkono wa kulia. Wiki tatu alizolazwa aliuliza jambo moja tu, lini atarudi aitazame sayari ya Zohali na pete yake.

Siku ya kumtoa hospitali nilitaka akute nyumba inang'aa. Nikasugua masinia, birika na chetezo kwa ukwaju na majivu, kama bibi alivyonifundisha. Nikaisugua na darubini. Kile kioo nilikiona kimefifia, nikakifungua, nikakisugua kuliko vyote. Nilijiona binti mwema, mpumbavu mimi.

Baada ya Magharibi tukamkalisha uani. Aliinama kwenye darubini muda mrefu.

"Nani kakigusa kioo?"

"Mie, Baba. Nilikisafisha kwa ukwaju na majivu."

"Kimekwaruzika chote, sioni kitu! Miezi minane ya mkono wangu, Mwanabaraka, umeimaliza asubuhi moja!"

Kisha akautazama ule mkono uliolala mapajani, akalia. Hata tulipomzika Mama hakulia. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

 Siku ya nne akaniita mezani. Kwa mkono wa kushoto alikuwa amepanga kile kioo, kisahani cha lami ngumu ya kukisugulia, unga mwekundu wa kung'arishia na kikombe cha maji.

"Weka kiganja juu ya kioo. Zungusha. Usikandamize, we mtoto, hukandi chapati!"

Nilisugua kila siku nikitoka sokoni, yeye kando akigomba. Mwezi wa tano wa kusugua akafariki, na kioo kilikuwa bado na ukungu.

Sikuacha. Wiki iliyopita niliitoa darubini uani peke yangu. Zohali ilikuwepo, na pete yake, ila upande mmoja umefifia. Jirani yangu Chausiku alichungulia akapiga vigelegele, akasema sasa basi, nimemaliza.

Baba asingeikubali kazi ile. Nililia kidogo, nikakifungua kioo, nikakirudisha kwenye lami.