Wiki ya Ndege Kisoko

Niliolewa Kisoko nikitoka upande wa pili wa mpaka, Busia ya Kenya, Uganda ikiwa imepata uhuru juzijuzi tu. Mume wangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha saruji Tororo. Alilala huko wiki nzima, akaja nyumbani Jumamosi kwa baiskeli, kwa hiyo siku nyingi nilikaa na mama yake. Yeye hakujua Kisamia changu, nami sikujua Kidhopadhola chake. Tulizungumza Kiswahili cha sokoni, kile alichokiokota kwa miaka mingi ya kuuza kuku Malaba, na mara nyingi kilituishia kabla ya mazungumzo kuisha.

Mwaka ule wa kwanza mimba yangu iliharibika. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa wimbi, akafua nguo zangu mwenyewe kijitoni. Lakini juu ya mtoto yule hakusema neno. Nilidhani amenyamaza kwa sababu amenikatia tamaa.

Likizo ya katikati ya mwaka ikafika, na mtama ulikuwa unaanza kukomaa. Watoto wakubwa waliporudi kutoka shule walipelekwa shambani, na wale wadogo ambao hawajafika umri wa shule wakabaki bila wa kuwaangalia. Asubuhi moja mama mkwe alisimama mlangoni pangu na jembe begani.

"Wewe nakaa na watoto," akasema. "Shamba bado."

Alimaanisha kwamba mwili wangu bado haujapata nguvu. Mimi nilisikia kingine: asiye na mtoto akae alee wa wenzake. Nilipiga magoti nikaitikia, na alipokwisha kupita nikaenda kuwakusanya.

Walikuwa watoto wa shemeji zangu na wa majirani. Kabla ya kuolewa nilikuwa nimesaidia darasa la watoto wadogo kwenye misheni ya kwetu, na mwalimu wa pale aliamini kwamba mtoto mdogo hapewi mambo kumi kwa asubuhi moja. Hupewa jambo moja kwa wiki nzima, aligeuzegeuze mpaka alijue tumbo na mgongo. Kwa kuwa sikuwa na kitabu wala ubao, nilianza na kilichokuwapo, yaani maji. Tulishuka kijitoni na vibuyu. Tulitupia majini jiwe, unyoya, gunzi la muhindi na mbegu ya boga, na kabla ya kila kitu kuanguka nikawauliza kitazama au kitaelea. Kila nikisema "maji" wao wanasema "pii", nami nikijaribu kusema "pii" wanaanguka chini kwa kicheko. Aliyenicheka zaidi ni binti wa kaka ya mume wangu, mtoto wa miaka kama minne, kichwa kimenyolewa, ambaye alitembea kutwa ameshika gauni langu. Nikikosea neno alinyoosha mkono akanishika midomo kwa vidole vyake vilivyolowa, akaiweka inavyotakiwa kukaa.

Wiki ya pili ikawa ya udongo. Tulichimba kwenye kichuguu, tukafinyanga ng'ombe na vyungu na watu wenye vichwa vikubwa. Jumamosi mume wangu alileta mifuko ya saruji iliyochanika. Tuliikung'uta, tukachana karatasi ya ndani iliyokuwa safi, tukapata pa kuchorea kwa mkaa. Aliniuliza wiki inayofuata itakuwa ya nini. Nikamwambia ndege.

Hiyo ndiyo iliyoniletea taabu. Kila asubuhi tulikaa ukingoni mwa shamba la mtama, watoto wameziba midomo kwa viganja ili wasicheke. Tuliangalia nani anaruka na nani anatembea, nani anakula mbegu na nani anakula mdudu. Kila mtoto alichagua ndege wake akamchora. Wa yule binti alikuwa mdogo, kichwa chekundu, na kwenye karatasi ya saruji alikuwa doa la mkaa lenye miguu mirefu kuliko ya kuku.

Ijumaa kulikuwa na msiba kijiji cha jirani, na wakubwa wote wakaenda, hata watoto wa shule. Kule shambani kulikuwa na dungu, jukwaa la miti ambalo watoto wakubwa hukaa juu yake kuamia ndege, kuwafukuza kwa kelele na mawe. Siku ile lilibaki tupu. Mama mkwe aliniambia tuamie sisi.

Ndege walitua kundi zima. Niliokota jiwe, na yule binti akanishika mkono.

"Winyo," akasema, yaani ndege. Kisha akanitafutia Kiswahili, maana aliona kwamba sielewi: "Yetu."

Wenzake walianza kulia. Nilipiga makofi peke yangu, nikakimbia huku na huku, na ndege wakainuka upande mmoja wakatua upande mwingine. Jioni mama mkwe aliporudi, masuke ya upande wa kijito yalikuwa matupu na makapi yametapakaa chini. Alivunja suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. Aliwaangalia watoto, akaniangalia mimi, akaenda zake nyumbani. Usiku alikula kidogo. Nililala nikiamini kwamba mume wangu akifika kesho yake, Jumamosi, ataambiwa anirudishe kwetu.

Kulipokucha nilimkuta mama mkwe jikoni. Alikuwa amekaa chini, na mbele yake kulikuwa na makopo yenye kutu, vibuyu vilivyopasuka, kokoto na kamba ya katani.

"Wiki ya ndege nakwisha," akasema. "Sasa wiki ya nini?"

Nilimwambia sijafikiria bado.

"Kelele," akasema.

Asubuhi ile alikaa nasi. Tulitia kokoto kwenye makopo, tukatikisa, tukasikiliza lipi lina sauti nene na lipi nyembamba. Yule binti alimuuliza bibi yake jambo kwa uso wa huzuni, na bibi akamjibu taratibu, akionyesha kwa kidole nyasi ndefu za kijitoni. Nilielewa nusu, ila nusu hiyo ilitosha: ndege ana pori lote, sisi tuna shamba hili tu. Binti alifikiri kidogo, halafu akachukua kopo kubwa kuliko yote.

Tulifunga makopo kwenye kamba kutoka dungu hadi kila pembe ya shamba. Mama mkwe akapanda juu, akaniita nipande nami. Tulikaa bega kwa bega. Akavuta kamba, shamba zima likalia, watoto wakapiga kelele za furaha huko chini.

"Mimi nazika wawili," akasema bila kunitazama. "Kabla ya huyu bwana yako."

Akaniambia, kwa maneno machache tuliyokuwa nayo, kwamba mama yake alimfundisha kutogusa kidonda kibichi. Ndiyo sababu alinyamaza. Alikuwa anangoja mimi nianze. Nikalia, naye hakunizuia; aliendelea kuvuta kamba, pole pole. Kule chini yule binti alikuwa ananiita mama, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mtoto nakuita wewe," akasema mama mkwe. "Itika."

Nikaitika.

Mwaka ule tulivuna mtama haba kuliko majirani, na hakuna aliyeniambia neno, hata mume wangu. Likizo iliyofuata majirani wa mbali walileta watoto wao, na baadaye kanisa likatupatia baraza yake tufundishie. Nilijifungua mwaka wa tatu, mtoto wa kike, kisha wengine wakafuata. Mama mkwe alizoea kuniuliza kila Jumapili jioni ni wiki ya nini. Nilipomwambia ni ya harufu, alizunguka boma zima, akafunga vitu kwenye vitambaa: samaki mkavu, kitunguu, majani ya limau, samadi ya mbuzi. Watoto walifumba macho wakanusa, wakataja kila kimoja. Kisha wakadai iwe zamu ya bibi. Alifumba macho, akanusa samadi kwa utulivu mkubwa, akasema ni chai.