Ungo wa Ngwara na Maboksi ya Wageni

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona, basi.

Mjukuu wangu aliletwa kwangu Ganako alipoachishwa ziwa, akae na bibi. Mama yake, binti yangu, ni mpishi kwenye loji moja njia ya kwenda getini Ngorongoro, na huja Jumapili tu. Nilimlisha mtoto. Sisi tuliopitia njaa hatujui namna nyingine ya kupenda. Akanona, majirani wakanisifu: "Bibi, huyu ni mtoto au ndama wa mnada?" Nikacheka nao.

Alipofika darasa la pili mwalimu akaniita. Akasema mtoto si mjinga, ila hawezi kungoja. Anajibu kabla swali halijaisha. Ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja. Akatuelekeza zahanati. Nesi alimpima uzito na urefu, kisha akaniuliza, "Bibi, akila anaacha lini?"

"Sufuria ikiisha."

Nesi hakucheka. Alisema kujizuia mbele ya chakula na kujizuia mbele ya hesabu ni kazi ya akili ileile, na wapo watoto wazito wanaosumbuka na yote mawili. Kipi kinazaa kipi, yeye hawezi kuapa. "Usimpige, usimshindishe njaa, usimwite mnene. Mfundishe kutulia kwanza. Hatutaki apungue. Tunataka arefuke bila uzito kupanda haraka."

Binti yangu alikuwepo, akaapa mbele ya nesi kwamba atanisaidia. Njiani ndipo akasema, "Mama, zahanati ijayo uzito ukiwa bado unapanda, namchukua nakaa naye mjini."

Nikasema sawa.

Kila jioni kabla ya kula nilimwekea ungo wa ngwara, zile kunde zetu za huku, achambue. Zilizotobolewa na wadudu huku, mawe kule, nzima zibaki, na mkono usiguse mpaka jicho limeamua. Mwanzoni alikuwa anaparura tu kama kuku. Baadaye akaanza kusimamisha kidole juu ya ungo, anafikiri. Na kwenye kula vilevile: akifika nusu anaweka kijiko, namwuliza, "Tumbo linasemaje?" Siku moja akanijibu, "Bibi, lilishasema, wewe hukusikia." Nilicheka mpaka machozi. Nikawa namtuma dukani chumvi, kiberiti na sabuni, anarudi navyo vyote. Mwalimu akaniambia sasa anamaliza kazi zake.

Lakini sare ya shule ikazidi kumbana.

Siku tatu kabla ya zahanati niliingiza mkono kwenye gunia la ngwara za mbegu, nikagusa kadibodi. Yalikuwa maboksi ya chakula cha wageni wa loji, yale wanayofungiwa kwenda nayo kreta, bondeni kutazama wanyama, na mengine hurudi hayajaguswa, na keki zake na chokoleti. Haya yalikuwa matupu, yamekunjwa vizuri, yamepangwa.

Nikamwita. "Nani kakupa?"

"Mama. Kila Jumapili ukiwa jikoni."

"Na unakula saa ngapi?"

"Ukienda kukata majani ya ng'ombe. Nangoja mpaka sauti yako ifike kwa jirani. Nakula kimoja, vingine naweka vya kesho."

Aliyasema hayo bila kutetemeka. Kungoja nilimfundisha mimi. Kupanga nilimfundisha mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alisema ni siri yetu. Mimi na mama hatuna kingine."

Kule zahanati, binti yangu alianza kabla nesi hajafungua kadi. "Nesi, si unawajua mabibi, kwao mtoto ni kunenepeshwa tu!" Nikayatoa maboksi mfukoni, moja moja, nikayaweka mezani.

"Mama, unaniaibisha."

"Uliapa mbele ya huyu dada."

Akageukia dirishani. "Mwaka ule wa ukame uliniambia ngoja mwanangu, ngoja. Nikangoja, chakula hakikuja. Wa kwangu hatangoja."

Ni kweli, nilimwambia hivyo. Lakini angenitolea ukame ule uso kwa uso, hata kwa matusi, ningemwelewa. Yeye alikaa pembeni ya ungo wangu, akanisifu kwa kazi ninayofanya, na kwenye mkoba ana boksi. Halafu uzito ukipanda, wa kulaumiwa ni mimi, na wa kunyang'anywa mtoto ni mimi.

Nesi alishauri mtoto abaki palepale alipoanza kutulia. Binti yangu hakubisha. Maboksi hayaji tena, na yeye mwenyewe akija hakai.

Tunachambua bado. Ila siku hizi mtoto huniuliza, "Bibi, leo unaenda kukata majani?" Kabla ya kuuliza anatulia kidogo, kidole kiko juu ya ungo, vilevile nilivyomfundisha. Namtazama usoni nisijue kama anauliza au anapanga. Nachukua mundu wangu, nafika kwenye ua wa minyaa, nasimama nikisikiliza nyumbani.