Kopo la Imbwa

Wakati wa vita kamanda mumoja aliingia nyumbani kwetu Mikelenge bila hodi, yeye na imbwa yake. Sitaji jina lake, anajijua. Muji ulikuwa umefungwa, chakula hakiingii. Sisi tulikula majani ya muhogo bila chumvi. Imbwa ilikula wali na nyama, katika sahani ya harusi ya mama yangu.

Mama alikuwa Mwislamu wa kushika dini. Chombo kilicholambwa na imbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi imbwa ikishiba, kwanza tulikula mabaki yake. Kisha mama aliosha sahani mara saba, akihesabu kwa sauti ili Mungu asikie.

Sikufa. Kwa hiyo mwaka huu, mukwe wangu alipoleta imbwa ya kulinda nyumba pamoja na kroketi, vile vidonge vikavu vya chakula chake, nilicheka. Mufuko ule umepanda ndege kutoka Goma. Mimi sijapanda hata siku moja.

Binti yangu aliniambia, "Mama, kroketi iko na kopo lake. Na ukizishika, unawe na sabuni."

"Nimekula mabaki ya imbwa ya kamanda, mwanangu. Utanifundisha nini?"

"Tumbo lako njo la vita. La mutoto wangu hapana."

Nikafanya yangu. Kila asubuhi nilichota kroketi kwa kopo langu, nikalipangusa na kitenge, nikapima unga wa uji wa mujukuu wangu, ambaye hata kutembea bado. Mpaka akaanza kuhara na kutapika, macho yakaingia ndani, akalia bila machozi.

Kule dispansere nilitaja wakosaji wote: kisima, inzi, jirani, mukwe, na kamanda pia nilimutaja. Muganga, akiwa anatafuta mushipa kwenye mukono ule mudogo, aliuliza kitu kimoja tu:

"Unga wake anaupima nani, na kwa chombo gani?"

Binti yangu aliniangalia.

"Njo mimi," nikasema. Kamanda mpaka leo hajasema hivyo.

Mutoto alipona. Siku tuliyorudi nilichukua musumari na jiwe, nikatoboa kopo langu chini: kroketi haipiti, unga unamwagika. Halafu nikanawa mikono mara saba.

"Mama, moja inatosha, kama iko na sabuni."

Nikaendelea kuhesabu, kwa sauti.