Askari wa Vidole

Kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazini pale Musoma, nilikuwa na watoto watatu na sanduku la bati chini ya kitanda ambalo mke wangu hakuwahi kulifungua. Alidhani lina vyeti vyangu.

Siku alipolifungua alinifuata uani, nyumbani kwetu Mwisenge, ameshika askari wa udongo mwenye urefu wa kidole.

"Baba watoto, umeanza uganga?"

Nilimweleza ukweli, nao ulinitia aibu kuliko huo uganga. Tulipokuwa wadogo Butiama, mimi na kaka yangu tulikuwa tukifinyanga majeshi kwa udongo wa kichuguu. Tulichora mito na vilima vumbini, kisha tukarusha punje za mahindi zilizopakwa masizi upande mmoja. Kila punje iliyolalia upande mweupe, askari mmoja amekufa. Kaka aliacha alipoingia jeshini. Mimi niliendelea, hata nilipokuwa fundi wa mitambo mwenye familia. Mke akienda sokoni nilifunga mlango na kupigana vita vyangu peke yangu, nikiogopa jirani asichungulie akaona visanamu vya watu.

Mke wangu alinirudishia yule askari mkononi. "Basi wauze," akasema. "Hatuna kingine."

Bunda kulikuwa na mama mwenye duka la vinyago kando ya barabara, ambako magari ya watalii yalianza kusimama miaka ile. Nilimpelekea sita. Baada ya wiki mbili akatuma mtu kuniita haraka. Mzungu mmoja amewachukua wote. Kwao huko, yeye na wazee wenzake hucheza vita hivyohivyo juu ya meza, tena bila kujificha. Sasa alitaka askari sitini, wa jeshi letu lililokwenda Uganda. Angerudi mwisho wa mwezi.

Nilirudi nyumbani nikimfikiria kaka. Alipigana vita hivyo vya Uganda. Alirudi mzima, akashika jembe na kuchunga ng'ombe wake kule Butiama, wala hakuvitaja tena, na sisi hatukumuuliza. Kila askari niliyemfinyanga niliona kama namwibia kaka. Nilianza kuwaharibu na kuwafinyanga upya. Usingizi ukapungua.

Jumapili moja, kaka akaingia bila taarifa na mkungu wa ndizi. Askari arobaini walikuwa mezani wanakauka. Nilitaka kuwafunika kwa kanga, nikachelewa.

"Kumbe bado unachezaga?"

"Nawauza, kaka. Kazi imekwisha kiwandani. Nilitaka kukuambia, nikaogopa."

Kaka alimwokota mmoja, akamgeuza.

"Huyu buti zake mpya amezipata wapi? Sisi viatu vilikuwaga vimeachama." Akaomba kisu. "Na bunduki haibebwi hivi, kama mwiko wa ugali."

Alikaa mpaka alasiri, akichonga mabega yakainama, akiongeza mafurushi mgongoni. Mke wangu alileta chai, ikapoa. Kulikuwa na askari mmoja niliyemlaza, amekufa. Kaka alimchukua akamtia mfukoni mwa shati.

"Huyu usimuuze," akasema. "Wala usimfinyange mwingine."

Sikuuliza alikuwa nani.

Nilipotimiza sitini, nilikwenda Bunda nimewapakata kwenye kapu lenye pamba, kila shimo la barabara likinirusha roho. Wanne walivunjika mikono. Mwisho wa mwezi ukapita, mzungu hakuonekana. Nilikwenda tena dukani siku mbili mfululizo na kurudi bure. Siku ya tatu akafika. Alimshika mmoja aliyeinama chini ya mzigo, akauliza kwa Kiswahili cha kubabaika, "Nani alikufundisha hivi?"

"Kaka yangu," nikasema. Akawalipia wote.

Kazi hiyo imesomesha watoto wangu. Hata leo, oda ikija nakwenda kwanza Butiama kumwuliza kaka kama anakubali. Mara mbili amekataa, na mara zote mbili nimeirudisha.