Vitunguu Saumu Kati ya Mawaridi

Wiki iliyopita, kwenye duka la miche pale Tengeru, nilimwona dada mmoja akichomeka vitunguu saumu kati ya mawaridi. Nikasimama kunusa.

Harufu ile ilinirudisha nyumbani Kimandolu, mchana ambao bibi, mama yake baba, alihamia kwetu kutoka mlimani. Hata chai hakuwa amekunywa. Aliinama kwenye kibustani cha mama, akawatazama vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, waliojazana kwenye vichipukizi vya mawaridi, kisha akafungua pindo la kanga na kutoa vitunguu saumu.

“Waridi linataka mwenzake wa kulilinda,” alisema.

“Lakini mama, mimi nilitaka kupanda lavenda, maua ya kunukia,” mama alijibu. “Hapa patanuka kama jikoni.”

Mkono wa bibi ulibaki hewani na punje moja ya kitunguu.

Mimi nilikuwa nimeshalala kifudifudi, sikio kwenye udongo wenye unyevu, nikisubiri vita.

“Bibi, vitaanza kupigana na wadudu saa ngapi?”

Mama alicheka kwanza. Bibi akafuata, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi najua kwamba vitunguu saumu haviwamalizi vidukari. Najua pia kwamba bibi hakuwa na uhakika kama atapokelewa. Siku ile niliona tu mama akipiga magoti kando yake na kuchimba kishimo kwa kidole.

“Panda, mama,” alisema. “Hapa ni kwako.”