Kabichi Zangu Nyeupe kama Mishumaa

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa wiki nzima kwa mwalimu pale Bangwe na jembe hakuna aliyenipa. Nilikuwa nimevuka kutoka Burundi na turubai moja na njaa ya kumaliza ng'ombe na kwato zake. Mwalimu, mtu wa Moshi aliyeletwa Kigoma kufundisha baiolojia, alinipa chumba cha uani. Mke wake akipakua ugali na dagaa, watoto wao walikula kidogo kuliko mimi, na mimi naona. Nilikuwa natafuna huku nimeinamisha kichwa.

Basi nikaomba jembe mwenyewe. Nikamwambia mwalimu kwetu kabichi zangu zilikuwa kubwa, mbuzi wanaingia kulala ndani. Kweli ni kwamba nilikuwa fundi cherehani. Kabichi nilizijua kwenye sahani. Akanipa mbegu zote alizonunua kwa ajili ya shamba lao la Kidahwe, mboga ya nyumba msimu mzima. Nikawaza, zikiota hizi, nitakula nimeinua uso.

Nikatengeneza kitalu pale uani, nikazisia. Nilishasikia kitalu kinafunikwa. Watu wanatumia nyasi, wakiona kimeota wanazitoa. Mimi nikaona nyasi ni za maskini. Nikatandaza turubai langu, lile lililozuia mvua ya kuhamisha ziwa, nikalikandamiza kwa mawe, usiku na mchana.

Asubuhi moja nikawaita wote waje waone. Nikavuta turubai kama bwana harusi anayefunua shela. Miche ilikuwa mirefu, myembamba, myeupe kama mishumaa, imelaliana. Mtoto mdogo akauliza kama imekufa.

Mwalimu akachuchumaa. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Akatueleza kwamba ndani ya jani kuna vyumba vidogo sana, ndiyo jiko la mmea, vinapika chakula kwa mwanga wa jua. Mle ndani kuna utando, unatakiwa upangike kama chapati zilizopandana. Kuna fundi anaitwa kimeng'enya, kazi yake kumalizia ile rangi ya kijani inayodaka mwanga. Gizani anashika malighafi mkononi, hasogei mpaka mwanga umguse. Asipofanya kazi, utando unabaki umejikunja kama wavu wa dagaa uliotupwa ufukweni, na jiko haliwaki. Mche unakula akiba ya mbegu tu, unarefuka kutafuta mwanga.

"Haijafa," akasema. "Fundi yupo ndani, umemfunika tu. Ila jua la mchana litaiunguza sasa hivi. Tuanze na kivuli."

Tukaweka makuti ya mchikichi juu. Iliyokuwa imelala kabisa ilikufa. Iliyobaki, jioni ikaanza kushika rangi, kesho yake ikawa kijani, bila msaada wangu.

Mama wa nyumba akanifuata pale kitaluni, akaongea chini chini watoto wasisikie.

"Mgeni wetu, kwenu ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

Nikamwambia, cherehani. Akaingia ndani, akarudi na sindano na sare ya shule iliyochanika. Nikapokea kwa mikono miwili. Nilishona nimeinamia kitambaa ili asinione uso, na siku nzima ile sikutia chumvi hata punje.