Ng'ombe Huyu ni wa Mwaka Gani?

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko Majengo, hapa Sumbawanga mjini, na siku hizi kazi imepungua mno, maana kila mtu anaangalia saa kwenye simu. Kinachonichangamsha ni sarafu za zamani. Nina kopo la biskuti limejaa: senti za tundu, shilingi za mwanzo za uhuru, hela za Mjerumani zilizoliwa na udongo. Watu wanaziokota wakilima ulezi, wananiletea. Nikishaweka lenzi jichoni, nasahau hata chakula. Najiuliza hii ilinunua nini, ilipita kwenye mifuko ya akina nani, na aliyeidondosha aliitafuta mpaka saa ngapi.

Aliyenitia ugonjwa huu ni mwalimu mmoja mstaafu. Sarafu yangu ya kwanza kumpelekea niliisugua kwa majivu na mchanga, vile mama zetu wanavyosugua sufuria, mpaka ikang'aa. Nilikotoka mimi humpelekei mkubwa wako kitu kichafu. Sikujua kwamba sarafu ya zamani haisuguliwi hata siku moja, ukiisugua umeiharibu. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaniuliza nimeipata wapi. Nikaongea karibu saa nzima: shamba la babu, mtaro, jembe lilivyolia. Nilipokuwa naaga ndipo akasema taratibu kwamba nikipata nyingine nimletee na udongo wake. Nilifika nyumbani najiona msomi.

Basi ungedhani nilijifunza adabu. Wapi! Nilichojifunza ni majina tu. Nikajua upande wa kichwa na upande wa thamani, nikajua ukingo ni upi na hali ya sarafu inapimwaje, halafu nikaweka sheria kibandani kwangu: anayekosea jina ananunua chai. Ukisema "chenji ya zamani", chai. Ukiita ukingo "kando", chai. Kwa washikaji wangu wa kila siku ilikuwa utani, tukicheka na kunywa. Mwalimu sheria hiyo hakuipenda, ila ni mtu mpole, hakusema.

Mwaka juzi, msimu wa baridi, wakati sisi watu wa juu tunashinda na makoti, alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Kaoze, kule bondeni. Kwa lafudhi yake nilijua ni wa zile familia za wafugaji zilizohamia kutoka kaskazini-magharibi. Alinipa shikamoo, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za baridi. Akafungua pindo la kanga, akatoa senti kumi ya tundu. Kwenye tundu ulipita ukanda wa ngozi, mkavu, umefungwa fundo kubwa lililoziba nusu ya sarafu. Akaiweka mbele yangu, akauliza, "Fundi, ng'ombe huyu ni wa mwaka gani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka lenzi ikanidondoka. Vijana wawili waliokuwa wamekaa pale na mimi wakacheka kwa sababu mimi nimecheka, na mmoja akasema, haya, chai hiyo. Yule mama akatuangalia, akatabasamu kidogo kama mtu anayetaka kuingia kwenye utani asioujua. Akanionyesha kwa kidole zile alama mbili zilizopinda, moja upande huu na moja upande ule wa tundu. Akasema pembe hizi hapa.

Nikamwambia hizo si pembe za ng'ombe, ni meno ya tembo, na hiki hakiitwi ng'ombe, kinaitwa sarafu. Nikaendelea, maana nikianza huwa sijui kunyamaza. Nikamwambia ngozi inaila shaba, ndiyo maana imeota ukijani, na kwamba mtu anayejua hawezi kuivisha sarafu ngozi. Huku naongea nikachukua mkasi, nikaukata ule ukanda ili nione mwaka chini ya fundo. Nikausoma mwaka kwa sauti kubwa. Nikamwaga na kopo langu mezani, nikamhesabia mbele ya watu sarafu kumi na moja za aina ileile, ajue kwamba yake si ya ajabu.

Hakubisha. Aliitia sarafu kwenye pindo, akaifunga. Akamwita muuza chai wa jirani, akatulipia vikombe vitatu, yeye hakunywa. Akiwa amesimama kuondoka akasema bila hasira, "Baba yangu aliniachia huyu. Kaka zangu wamegawana ng'ombe, mimi fungu langu ndilo hili."

Akaondoka. Chai ile, niseme ukweli, ilinishinda.

Jioni hiyo mwalimu alipita kama kawaida yake, nikamsimulia, na mwanzoni nilisimulia kwa kuchekesha. Hakucheka. Aliwahi kufundisha bondeni, watu wale anawajua. Akaniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza aliipata wapi?" Nikajiona mjinga, mzee mzima mimi. Tukautafuta ule ukanda. Vijana walikuwa wameshafagia, na takataka zilikuwa zimeshachomwa nyuma ya kibanda. Ujuaji mwingi mbele giza, wanasema, na siku hiyo giza nililiona.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilichukua senti ya tundu moja kati ya zile kumi na moja, nikaikazia lenzi. Meno ya tembo ndiyo, hakuna ubishi. Lakini nilipoigeuza kidogo, nikaiangalia bila kuikumbuka sheria yoyote, niliona uso: tundu ni paji, na pembe mbili zinapanda kutoka pembeni. Mtu aliyekulia nyuma ya mkia wa ng'ombe angeona nini kingine? Nikataka kujua. Hasa nilitaka kujua kwa nini baba mwenye zizi zima amwachie binti yake senti kumi kwenye ukanda, na mimi nimefanya nini nilipoukata.

Jumapili baada ya misa nikapanda basi la kushuka Kaoze. Ukishuka kule unavua koti njiani, maana joto la bondeni halina masihara. Niliulizia, nikaonyeshwa boma lao. Niliwakuta wote wawili, yule mama na kaka yake mkubwa, mzee wa rika langu, anachonga mpini kwa panga. Nilipojitambulisha, kaka akaacha kuchonga. Akasema kumbe ndiye mimi, fundi mwenye kumi na moja kama ile.

Kumbe dada mtu alirudi akasimulia kila kitu kama kilivyokuwa, hakuficha wala kuongeza. Na maneno yangu ndiyo yaliyommaliza. Kaka alinieleza kwamba baba yao alihama kutoka kwao na mtamba mmoja tu, na shingoni mwa mtamba yule alifunga senti yenye pembe. Ng'ombe wote waliopo bomani ni uzao wake. Mzee alipokuwa mgonjwa alimwita binti peke yake, akampa kile alichosema ndicho kile cha shingoni, na akamwambia kwamba mwenye nacho ana haki kwenye uzao. Yeye, kaka, hakuwahi kumwonea dada yake. Lakini alichoonyeshwa ni senti tupu, haina ukanda, na mtaalamu wa mjini amesema zimejaa. Angejuaje kwamba ndiyo yenyewe? Senti za namna hiyo hata yeye aliziona nyingi utotoni.

Ndipo nilipoelewa kwamba yule mama hakuwa amekosea kuuliza. Alitaka mwaka wa sarafu ili auoanishe na mwaka waliohama, aende kwa kaka zake na neno la kushika. Alijua alichonacho kuliko mimi.

Nilisema ukanda nimeuchoma mimi. Nilisema hivyo hivyo, sikutafuta kisingizio. Kaka akanitazama kwa muda, akauliza ulikuwaje. Hapo majina yangu yote ya kitaalamu yalinikimbia, na hayakuwa na kazi. Lakini jicho la fundi saa halisahau. Nikamwambia ulikuwa na upana wa kidole changu kidogo. Ulishonwa sehemu moja kwa uzi wa mshipa, mishono mitatu, wa katikati umelegea. Kwa ndani, chini ya fundo ambako mikono haikufika, yalikuwa yamegandamana manyoya mafupi.

"Ya rangi gani?" akauliza.

"Mekundu," nikasema. "Na mawili matatu meupe."

Kaka akaweka panga chini. Dada yake alikuwa anamwangalia yeye, si mimi. Kisha kaka akamwambia kwamba rangi ndiyo ya mtamba yule, na ile mishono aliishona yeye mwenyewe akiwa mdogo, ukanda ulipokatika, na baba akamchapa kwa kuishona vibaya. Akacheka kidogo, akajifuta uso kwa kiganja. Akamwambia dada yake kesho asubuhi aje na mume wake zizini, kabla ng'ombe hawajatoka, aonyeshwe walio wake.

Mama yule alinisindikiza mpaka barabarani kungoja basi. Njiani nilimwomba radhi, kwa kicheko, kwa chai, na kwa ukanda zaidi ya vyote. Akasema yameisha. Nikamwambia kuuliza si ujinga, ujinga ulikuwa wangu wa kutouliza. Tukaenda hatua kadhaa, halafu akasema kile ambacho mpaka leo, mgeni yeyote akisimama mbele ya kibanda changu na sarafu mkononi, kinanifanya nifunge mdomo kwanza.

"Mimi nilijua utaniuliza," alisema. "Kwenye basi njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kukueleza."